Ni Ukungu Tu

Kitenge changu cha Pasaka nilikitia majini kikiwa kizima, nikakianika kikiwa na matundu kumi na saba. Niliyahesabu. Mengine madogo kama punje ya ulezi, moja lilipitisha kidole gumba, nalo lilikuwa mahali ambapo mwanamke hatamani kuwa na tundu. Nikamwita baba watoto. Akaja, akakigeuza geuza, akatoa hukumu: panya. Nikamwuliza ni panya gani huyo anayekula nguo ndani ya beseni la maji.

Hakuwa panya. Ilikuwa betri ya sola, iliyolala chini ya kitanda chetu, upande wangu. Juma lililotangulia shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, ambaye ndiye fundi wa ukoo, alikuja kuiangalia maji, na kitenge kilikuwa kimening'inia kwenye ubao wa kitanda. Asidi ya betri ina unafiki. Ikirukia nguo huoni kitu, unakunja, unavaa, unaenda nayo hata kanisani. Inangoja siku ya kufua. Ukisugua mara moja tu, uzi unaachia kama ulikuwa unasubiri ruhusa.

Tunakaa Mbulu, kijiji kilicho kati ya Dongobesh na Haydom. Asubuhi ikiwa safi unauona Mlima Hanang umesimama kusini, na ikiwa ya Juni huoni hata choo chako. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenzangu analima na kuuza vitunguu swaumu. Sola tuliinunua mwaka 2019, bei ya vitunguu ilipotutendea wema: paneli ya wati 100, chaji kontrola, inveta, taa tano na televisheni ndogo. Wakati huo nguzo za umeme zilikuwa zimefika senta, kwenye shule na mashine ya kusaga. Sisi tuko ng'ambo ya korongo.

Siku paneli inapandishwa, baba mkwe aliketi kwenye kigoda chake akiangalia bila kusema neno. Yeye alizaliwa katika zile nyumba za zamani za Wairaqw, zilizochimbwa ndani ya mteremko, paa likafunikwa udongo likalingana na ardhi, ili Wamasai wakija kutafuta ng'ombe wapite wasione kitu. Shemeji alipokaza skrubu ya mwisho, kioo kikameta, mzee akatema mate pembeni.

"Sisi tulificha nyumba," akasema. "Ninyi mmeweka kioo juu ya bati kimwite mwizi kutoka Katesh."

Mwizi hakuja. Wala umeme haukuja wa kutosha. Saa nne asubuhi taa ya kijani ya kontrola ilikuwa inapepesa kwa furaha, saa nane mchana imenuna. Shemeji alikuwa ameigeuza paneli ielekee mawio kwa hoja kwamba jua linatokea huko, jambo ambalo hakuna aliyeweza kulipinga. Tulikaa hivyo miezi minne, hadi kijana mmoja aliyesomea mambo haya VETA alipopita kuchaji simu, akatazama juu, akacheka. Sisi tuko kusini mwa ikweta, alisema, paneli inalazwa kidogo tu na kutazama kaskazini ili ile jua la mchana kutwa. "Hii yenu inaangalia Babati. Igeuzeni iangalie Karatu."

Tukaigeuza. Hapo tukakutana na mgrevilea wa baba mkwe. Kivuli cha tawi moja kilikuwa kinapita kwenye kona ya paneli kila alasiri, kivuli chembamba chenye upana wa kiganja, nikadhani kinapunguza kidogo tu. Kumbe vile vipande vya paneli vimeungwa kama wanafunzi walioshikana mikono kwenye mstari: mmoja akisimama, wote wa nyuma yake wanasimama. Kulikata tawi kulihitaji vikao vitatu, kilo mbili za sukari na ahadi kwamba mzee atawekewa taa yake chumbani. Mti aliupanda mwenyewe mwaka aliomzaa shemeji. Aliniambia, kwa sauti ya chini ili mwanawe asisikie, kwamba mti ndio umemletea faida zaidi.

Halafu betri. Ile ya kwanza ilikuwa ya gari. Baba watoto aliinunua kwa kuwa ilikuwa nafuu, na kwa kuwa, kwa maneno yake, betri ni betri. Betri ya gari imezoea kazi ya kufumba na kufumbua: iwashe injini, ipumzike, ijazwe. Yetu tuliikamua kila usiku mpaka tone la mwisho, taarifa ya habari, tamthilia, kipindi cha dini, kama ng'ombe asiyepewa majani. Ilikufa kabla ya mwaka. Tukanunua ya sola yenyewe, ampea-saa 100, nzito hata wanaume wawili waliibeba wakiwa wamejipinda. Ukipiga hesabu, ikijaa inabeba uniti moja na kidogo, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu. Nusu uniti! Nayo paneli ya wati 100, siku ya jua zuri la saa tano, inaleta nusu uniti hiyo hiyo. Huo ndio ukawa mshahara wa nyumba kwa siku, na watu saba wanaudai.

Umeme wa nguzo ukikatika, kijiji kizima kinaguna kwa pamoja na kulala. Wa kwako ukiisha, mnatazamana. Kifungua mimba wetu alirudi likizo kutoka bweni, akachomeka pasi ya rafiki yake kwenye inveta. Inveta ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa, ikazima. Tulikesha gizani, na hakuzungumza na baba yake siku mbili. Baba watoto akabandika karatasi ukutani: taa ya jikoni mpaka saa mbili, ya sebuleni mpaka saa tatu, kuchaji simu mchana tu. Mpira wake haukuandikwa popote. Nilipouliza, akasema mpira ni dharura.

Mimi nami nilikuwa na mradi wangu. Majirani walikuja kuchaji simu, kitochi shilingi 200, tachi 300, na vijana wa Kidatoga wachungaji walitoka mbali na fimbo zao na shuka zao, wanaacha simu asubuhi, wanazichukua jioni. Hela hiyo ilikuwa yangu, haikuulizwa. Nayo ndiyo iliyonunua vifaranga sitini.

Sasa tufike kwenye tarehe 3 Juni 2023. Yanga walikuwa Algiers, mchezo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger. Mchezo wa kwanza, Dar es Salaam, tulifungwa 2-1 (nasema "tulifungwa" kwa heshima ya ndoa, mimi ni Simba). Sebuleni kwetu walijaa wanaume ishirini na wawili, wengine dirishani nje, wamejifunga mashuka kwa baridi. Penalti ikapatikana mapema, Djuma Shabani akafunga. Kelele zilizopigwa zilimwamsha baba mkwe akatoka na mkuki. Bao moja zaidi na kombe linakuja nyumbani. Kipindi cha pili kikaanza. Yanga wanasukuma mpira mbele, watu wamesimama, inveta ikatoa ule mlio wake mrefu, na ukuta ukawa mweusi.

Sijapata kusikia kimya kama kile. Kisha mtu mmoja gizani akauliza polepole, "Mwalimu, kuna mafuta ya taa?" Kana kwamba televisheni ingewaka kwa koroboi.

Matokeo waliyapata kwenye redio ya betri za tochi ya baba mkwe: 1-0, na kombe likabaki Algeria kwa sheria ya mabao ya ugenini. Kikao cha uchunguzi kikakaa palepale, gizani. Shemeji akaita wataalamu wenzake wawili. Wakapima, wakagusa, wakanusa. Mwisho ikatolewa taarifa: juma zima la ukungu, paneli haikupata jua, betri haikujaa. Ni ukungu. Baba watoto alikubali, akalala amegeukia ukuta.

Ukungu ulikuwepo, sikatai. Lakini vifaranga sitini wenye umri wa siku tisa, kwenye baridi ya Mbulu ya Juni, hawaishi kwa maombi. Jiko la mkaa lilikuwa limeniulia wanane kwa moshi. Ndipo nikavuta waya mwembamba kutoka kwenye inveta, nikaupitisha nyuma ya kabati la vyombo hadi banda la uani, nikafunga globu ya zamani ya wati 60, ile ya moto, nikaifunika kwa debe lililotobolewa. Inawaka tangu saa nne usiku mpaka alfajiri. Piga hesabu mwenyewe: wati 60 kwa saa saba ni karibu nusu uniti. Nilikuwa nawapa vifaranga mshahara wote wa nyumba, siku tano mfululizo. Usiku ule wa fainali niliichelewesha globu mpaka mpira uishe, naapa. Ila betri ilikuwa tayari imekwisha kunywewa.

Nilienda kuwatazama na tochi. Hamsini na wawili, wamekumbatiana kama mpira mmoja wa manyoya, wazima wote.

Desemba mwaka huo huo ikatufundisha matumizi mengine ya nusu uniti. Mvua zilinyesha siku nyingi. Jumapili ya tarehe 3, tukijiandaa kwenda kanisani, habari zikaanza kuingia kwa simu moja moja: Mlima Hanang umetapika tope. Maji, mawe na magogo yameshuka usiku wa mvua, yamepita Gendabi, yameingia Katesh sokoni. Waliokufa, ilikuja kujulikana baadaye, walizidi themanini. Wifi yangu ameolewa Gendabi. Simu yake haipatikani. Na kila nyumba ng'ambo yetu ya korongo ilikuwa na mtu wake Hanang, na kila simu ilikuwa imebaki na kijiti kimoja, maana jua halikuonekana tangu katikati ya juma.

Baba watoto aling'oa televisheni kwenye soketi bila kuambiwa. Tukazima taa zote isipokuwa ya baba mkwe, naye akaizima mwenyewe. Simu kumi na tisa zilipangwa mezani, kila moja na karatasi ya jina, zikichaji kwa zamu ya robo saa robo saa, ili kila mtu apate ya kupiga mara moja au mbili. Wenyewe walikaa barazani, mvua ikinyesha. Ikiita, mtu anatoka mbio hadi kwenye kichuguu ambako mtandao unashika. Wengine walirudi wakicheka, wengine hawakurudi barazani, walipitiliza nyumbani kwao. Wifi alipatikana Jumatatu alasiri, kwa simu ya mtu mwingine. Nyumba imejaa tope hadi dirishani, yeye na watoto wako shuleni na wenzao. Baba mkwe aliposikia sauti ya binti yake akasema neno moja tu, akaipitisha simu kwa mwingine, akaenda kusimama chini ya mgrevilea wake.

Sikumtoza mtu shilingi mia tatu juma lile.

Bubu alikuja mwaka 2024. Petroli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita, na kwenye chupa za kijijini zaidi ya hapo. Baba watoto alienda Arusha kupeleka vitunguu, akarudi amepanda juu ya lori, amekumbatia pikipiki ya umeme iliyotumika. Huyo ndiye Bubu. Alikuwa ameshawishika. Alinieleza kwamba Dar es Salaam kuna bajaji za umeme, kwamba Kigali na Nairobi bodaboda wanaingia kituoni, wanaacha betri iliyoisha, wanachukua iliyojaa, kama tunavyobadilisha mtungi wa gesi. Nikamwuliza kituo cha hapa kwetu kiko wapi. Akaonyesha paneli juu ya bati.

Nikaandika kwa chaki nyuma ya mlango, hesabu ya darasa la saba. Betri ya Bubu inakula zaidi ya uniti mbili ndipo ijae. Paneli zetu, maana tulikuwa tumeongeza ya pili, zinaleta uniti moja kwa siku. Bubu atajaa baada ya siku ngapi, ikiwa nyumba nzima itakaa gizani? Akaitazama muda mrefu. "Mwalimu," akasema, "wewe unaweka na siku za ukungu?"

Jina la Bubu walilitoa watoto. Ile pikipiki ya zamani, ya Kichina, tuliisikia tangu mteremko wa kanisani. Ikifika kwenye wembamba wa daraja inakohoa mara mbili, hapo naweka maji ya ugali jikoni, na akiingia mlangoni ugali unageuzwa. Miaka kumi ya ndoa iliendeshwa kwa mlio ule. Watoto wanazima televisheni, shemeji anaamka kitandani kwetu, mbwa anajipanga. Bubu akaja na utaratibu wote ukavunjika. Unageuka, mtu kasimama nyuma yako na kofia ya chuma kichwani. Bibi mmoja jirani, aliyekuwa akitembea katikati ya njia kama alivyotembea maisha yake yote, alirukia kwenye mkonge. Akatulaani kwa Kiiraqw kizuri sana, ambacho sitakitafsiri.

Nami alinikuta bandani. Kundi jipya la vifaranga, saa moja jioni, nimetoka kuizima globu ili nibadilishe maranda. Nasikia, "Mama, unafanya nini huku?" Nikaitumbukiza mfukoni. Globu iliyowaka saa nzima haipoi kwa sababu mume amefika. Nilisimama pale nikijibu maswali kuhusu chakula cha kuku huku paja linaungua, nikitabasamu. Kovu lipo. Nilisema ni uji.

Kosa la Bubu, kusema kweli, halikuwa lake. Aliyemuuza alisema anakwenda kilomita 80 bila kuchaji, hakusema kilomita 80 za wapi. Kwenye tambarare ya pwani, mtu mmoja mwembamba, labda. Kwetu njia yote ni mlima na bonde, na nyuma kuna magunia mawili ya vitunguu. Kile kipimo chake cha chaji kina tabia ya mtu mwenye madeni: kwenye tambarare kinakuonyesha vijiti vitatu, ukianza kupanda kimebaki kimoja, ukifika juu vimerudi viwili. Baba watoto akaviamini. Siku ya mnada wa Dongobesh, akirudi, Bubu alipunguza mwendo katikati ya mlima, akasimama, akazima kwa adabu. Pikipiki ya petroli ingekopa nusu lita kwa mpita njia. Umeme haukopeki kwa chupa.

Tulimwona anashuka mteremko wa kanisani saa kumi na mbili jioni. Mbele punda wawili wa jirani, nyuma yao kamba ya katani, kisha Bubu, na juu yake baba watoto ameshika usukani kwa uso wa mtu anayeendesha. Watoto wa kijiji chote walikuwa nyuma. Kijana mmoja wa Kidatoga, mteja wangu wa kitochi, alimzunguka Bubu mara moja, akauliza anakula nini. Akaambiwa umeme. Akafikiri. "Punda anakula majani," akasema, akaondoka.

Baada ya hapo Bubu akawa anachajiwa senta, kwenye mashine ya kusaga, shilingi 2,000 mpaka ajae. Bado ni nafuu kuliko petroli, na hana mafuta ya injini, hana plagi, hana cheni ya kurukaruka. Nampa haki yake. Ila kujaa kunachukua saa tano, na mwanaume akikaa senta saa tano anajifunza mambo. Nikashauri betri ing'olewe, ipelekwe kwa toroli. Akashauri niibebe mimi niende nayo shuleni, kuna soketi ofisini. Nilimwambia sitaki kuitwa na mwalimu mkuu nikaeleze kwa nini umeme wa mitihani umeingia kwenye pikipiki.

Mwaka 2025 nguzo zikavuka korongo. Tulilipa ile ada ya vijijini, shilingi 27,000, tukafungiwa mita ya LUKU. Baba mkwe alikuwa amesikia redioni habari za Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kutoka Rufiji. Jioni ya kwanza Bubu alipochomekwa ukutani, mzee alisogeza kigoda, akasikiliza chaja inavyovuma. "Kwa hiyo," akasema, "hii sasa inakunywa maji ya Rufiji." Akaridhika. Ni yeye peke yake aliyeelewa kwa haraka hivyo.

Nilipendekeza tuuze sola. Paneli ni mbili, na ile ya pili ina historia. Kuku wangu wa mwaka 2023 waliuzwa vizuri Krismasi, na Januari baba watoto alinikalisha, akanieleza kwa upole kwamba aibu ya fainali isirudie, kwamba ukungu wa Mbulu unahitaji paneli mbili, na kwamba mwenye hela taslimu hapa nyumbani ni mimi. Ningesema nini? Nilitoa fedha yote, nikiwa mtu pekee duniani aliyejua kwamba tunanunua dawa ya ugonjwa usiokuwepo.

Hataki kuuza. Anasema nguzo zikianguka, je? Na hapo, nikiikumbuka ile meza ya simu kumi na tisa, sina jibu. Anapanda juu ya bati kila Jumamosi kufuta vumbi kwa kitambaa chenye matundu kumi na saba, na kila mgeni anapewa maelezo ya kitaalamu jinsi ukungu unavyokula umeme.

Kwa hiyo nawaomba. Ukipita mnada wa Dongobesh ukamwona mwanaume anauza vitunguu swaumu kando ya pikipiki isiyopiga kelele, mnunulie, ni vitunguu vizuri. Akikusimulia habari za Algiers, mwambie ni ukungu.